Kabla Lori la Dalali Halijafika Langoni

Maandishi ya mazungumzo ya baraza za wadi kwa wenye ploti, warithi na wapangaji



Kuna sauti ambayo kila mtaa huitambua: lori linarudi kinyumenyume hadi langoni mwa jirani, mlango wake wa nyuma unafunguliwa kwa kishindo, na vijana wa kubeba mizigo wanashuka. Kabla ya kochi la kwanza kutolewa nje, habari imeshafika kioski. Kabla ya jua kuzama, mtaa umeshatoa hukumu yake: "Wale wamepigwa mnada." Deni hulipwa likaisha, lakini maneno hayo hukaa miaka.

Mazungumzo haya yanahusu yale yanayotangulia lori hilo pale mwenye ploti anapodaiwa ada za ardhi na serikali ya kaunti. Kiini chake ni kifupi. Deni la ada haliji na lori. Huja kwanza na barua, kisha samansi ya mahakama, kisha hukumu, kisha notisi ya dalali. Katika kila hatua sheria imeacha mlango wazi ili mwenye nyumba alipe, apinge au aombe muda. Asiyefungua barua huipita milango hiyo yote bila kuiona.

DENI LINATOKA WAPI

Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoza ada kwa mali isiyohamishika. Hizi ndizo ada ambazo mitaani watu huziita reti. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013 zilitozwa na mabaraza ya miji na manispaa, na madeni na madaftari ya mabaraza hayo yakarithiwa na kaunti.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo ni vizuri kutenganisha mambo mawili. Mwenye ploti ya kukodishwa na Serikali kwa miaka maalumu hulipa kodi ya kiwanja kwa Serikali Kuu, kupitia Wizara ya Ardhi. Ada za ardhi hulipwa kaunti. Risiti ya moja haifuti deni la nyingine. Wapo waliokaa miaka wakiamini wamemaliza kila kitu, kumbe walikuwa wakilipa upande mmoja tu.

Kiasi cha ada hutokana na daftari la uthamini, ambalo huorodhesha kila ploti na thamani yake. Daftari likizeeka, haki hupotea pande zote. Nairobi iliendelea kutegemea daftari la miaka ya 1980 kwa zaidi ya miongo mitatu, ilhali mtaa uliokuwa shamba la mahindi ulikuwa umejaa maghorofa. Kaunti inapoandaa daftari jipya, rasimu yake huwekwa wazi kwa umma na mwenye ploti hupewa muda wa kupinga thamani aliyopewa. Muda huo ukipita, kulalamika kwenye dirisha la keshia hakubadilishi hesabu.

Kwa miongo mingi kazi hii iliongozwa na sheria mbili, Sura ya 266 kuhusu uthamini na Sura ya 267 kuhusu utozaji wa ada. Mwishoni mwa mwaka 2024 Kenya ilipata Sheria ya Kitaifa ya Utozaji Ada, iliyochukua nafasi ya hizo mbili.

MAMA NA SANDUKU LA POSTA

Mfano ufuatao si wa mtu fulani, lakini hakuna wadi isiyoujua.

Mzee alinunua ploti miaka ya 1990. Baraza la mji likaandika jina lake na nambari ya sanduku lake la posta. Kila mwaka barua ya ada ilifika, naye akaenda kulipa, akahifadhi risiti kwenye mkoba wa ngozi juu ya kabati. Kisha mzee akafariki. Mama akabaki na watoto ndani ya nyumba ile ile. Ufunguo wa sanduku la posta ukapotea. Mambo ya mirathi yakaahirishwa, kwa sababu kila alipoyataja ndugu walianza kununiana.

Kaunti, kwa upande wake, haikujua kwamba mzee hayupo. Barua ziliendelea kwenda kwenye sanduku lile lile. Kila mwaka deni likaongezeka, na juu ya deni ikakaa riba.

Hesabu ya riba inafaa kuonekana kwa macho. Ikiwa ada ya ploti ni shilingi 12,000 kwa mwaka, na riba ni shilingi 2 kwa kila 100 kwa mwezi bila riba juu ya riba, basi ada ya mwaka mmoja huzaa shilingi 240 kila mwezi. Mama asipolipa miaka mitatu, ada zenyewe ni shilingi 36,000. Ada ya mwaka wa kwanza, ikiwa imekaa miezi 36, imezaa riba ya 8,640. Ya mwaka wa pili, miezi 24, imezaa 5,760. Ya mwaka wa tatu, miezi 12, imezaa 2,880. Jumla ya riba ni 17,280, na deni lote limefika 53,280. Viwango hivi ni vya mfano tu. Kiwango halisi huwekwa na sheria na kila mwenye ploti ana haki ya kukiuliza. Lakini mwendo wa hesabu ndio huo. Deni likifika mahakamani huongezwa gharama za kesi, na likifika kwa dalali huongezwa malipo ya dalali.

BARUA YA MADAI

Hatua ya kwanza ya kudai ni barua. Chini ya Sura ya 267, aliyechelewa kulipa alitakiwa kwanza kupelekewa madai kwa maandishi na kupewa siku 14 kabla ya kufikishwa mahakamani. Leo pia mwenye kupokea barua ya madai aanze kwa kutazama mambo manne: nambari ya ploti, miaka inayodaiwa, ada ni kiasi gani na riba ni kiasi gani, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale.

Makosa hutokea. Malipo ya zamani huweza kuwa yaliandikwa kwenye ploti ya jirani kwa sababu ya tarakimu moja. Ploti iliyogawanywa mara mbili huweza kuendelea kudaiwa kwa nambari yake ya kale. Aliyehifadhi risiti humaliza jambo hilo asubuhi moja. Asiye na risiti anaweza kuomba kwa maandishi taarifa kamili ya akaunti ya ploti, maana Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Ikiwa deni ni la kweli na pesa hazitoshi, hapa ndipo pa kuomba kulipa kwa awamu. Ombi liandikwe, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na makubaliano yawe kwenye karatasi. Ahadi ya mdomo kutoka kwa karani haimfungi karani wa kesho.

Kuhusu msamaha wa riba, kaunti hutangaza mara kwa mara kipindi ambacho anayelipa ada zote husamehewa riba. Tangazo la namna hiyo hutolewa hadharani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayoweza kusamehewa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na kila msamaha lazima uandikwe pamoja na sababu yake, kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ajulishwe. Kwa hiyo mtu anayejitokeza kichochoroni akiahidi "kupunguza deni kwenye kompyuta" kwa kitu kidogo hana uwezo huo. Pesa zitapotea na deni litabaki.

MAHAKAMANI

Barua ikipuuzwa, kaunti inaweza kufungua kesi ya madai katika mahakama ya hakimu. Ni kesi ya deni, si ya jinai. Mwenye ploti hupelekewa samansi yenye nambari ya kesi na muda wa kujibu. Anayejibu anaweza kusema deni si lake, au hesabu ni mbaya, au deni ni lake lakini aomba kulipa kidogo kidogo. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu.

Asiyejibu hupewa hukumu bila kusikilizwa, na hapo deni huwa limepata nguvu ya mahakama. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Ambaye kwa kweli hakupokea samansi anaweza kuiomba mahakama ile ile ifute hukumu na kumsikiliza. Akichelewa, hakimu atamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Kuhusu mama wa mfano, sheria inasema jambo ambalo wengi hawalijui. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufariki haisimami. Kaunti inapaswa kumdai msimamizi wa mirathi. Lakini familia isifurahie upesi, kwa maana deni halikuzikwa pamoja na mzee. Limebaki juu ya ploti, na litawangoja warithi siku watakapotaka kuuza, kugawana au kuchukua mkopo.

DALALI ANAPOKUJA

Kaunti ikiwa na hukumu na deni bado halijalipwa, mahakama huweza kutoa hati ya kukamata mali, na hati hiyo hukabidhiwa dalali. Kazi ya dalali nchini Kenya inaongozwa na Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 na Kanuni za Madalali za mwaka 1997. Lazima awe na leseni ya Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali, na si kila leseni inaruhusu kukamata mali kwa amri ya mahakama. Inayohitajika kwa kazi hiyo ni ya Daraja B.

Mara ya kwanza anapofika, dalali haji kubeba. Huja kuandika. Huorodhesha mali anayotaka kukamata, kila kitu na hali yake na thamani yake, na kumpa mwenye mali notisi ya siku 7 kwa maandishi. Ndani ya siku hizo 7 mwenye mali anaweza kulipa kiasi kilichoandikwa na kuokoa vitu vyake. Kabla siku hizo hazijaisha, hata kijiko kisiondoke. Kwa upande mwingine, vitu vikishaorodheshwa, mwenye nyumba naye hana ruhusa ya kuvihamisha usiku kwenda kwa shemeji.

Siku 7 zikiisha bila malipo, ndipo lori huruhusiwa kuja. Mali hupelekwa mahali salama, na mnada hutangazwa gazetini. Mnada haufanywi kabla ya siku 7 kupita tangu tangazo la kwanza. Kwa hiyo kati ya siku dalali alipobisha hodi na siku nyundo inapopigwa kuna angalau wiki mbili. Wiki mbili si nyingi, lakini zinatosha kwa familia kuketi, kwa chama kukopesha, au kwa wakili kufika mahakamani.

Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, nayo imeweka mipaka. Mwenye hati ya kukamata mali haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Dalali anayetarajia kuvunja mlango, au kukutana na fujo, lazima kwanza aende mahakamani kuomba amri ya kusaidiwa na polisi. Askari wawili waliosimama langoni bila amri hiyo hawageuzi jambo lisilo halali kuwa halali.

Wala dalali hana uwezo wa kumkamata mtu. Vitisho vya "utalala ndani leo" si sehemu ya kazi yake. Swali la mdaiwa kufungwa kwa deni la madai huamuliwa na mahakama peke yake, baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza.

VITU VISIVYOGUSWA

Kifungu cha 44 cha Sheria hiyo kinataja mali ambayo haikamatwi hata kama deni ni kubwa. Ndani yake mna nguo za lazima, vyombo vya kupikia, na vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke wake na watoto wake. Mna mapambo ambayo mwanamke hawezi kuachana nayo kwa desturi ya dini yake. Mna vifaa vya kazi ambavyo mtu hana riziki bila hivyo: cherehani ya fundi nguo, misumeno na randa za seremala. Mkulima pia amewekewa kinga ya sehemu ya mifugo na zana zake, ingawa viwango vya shilingi vilivyoandikwa humo ni vidogo kwa bei za leo. Mwenye kuajiriwa hanyang'anywi mshahara wote. Theluthi mbili zimekingwa.

Kinachoweza kuorodheshwa ni kama televisheni, makochi, kabati la vyombo au gari lililoegeshwa uani.

Mali ya mtu mwingine haikamatwi kwa deni la mwenye ploti. Friji ya mpangaji, pikipiki ya binamu aliyekuja kutembea, mashine ya chama iliyohifadhiwa sebuleni, zote hizo si za mdaiwa. Mwenyewe aseme mara moja wakati orodha inaandikwa, aonyeshe risiti au kitabu cha umiliki, na mali ikichukuliwa apeleke pingamizi mahakamani bila kuchelewa. Kupiga kelele langoni hakuhesabiwi kuwa pingamizi.

Malipo ya dalali yamewekwa katika jedwali la Kanuni, na kwa kawaida hubebwa na mdaiwa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumaliza deni mapema. Anayeona ametozwa kupita kiasi anaweza kuomba malipo hayo yakaguliwe. Na anayelipa asilipe bila risiti yenye jina la dalali, nambari ya kesi na kiasi kilicholipwa.

PLOTI YENYEWE

Wengi huuliza kama nyumba inaweza kuuzwa kwa sababu ya ada. Jibu ni ndiyo, lakini kwa njia ndefu zaidi. Kwa mali isiyohamishika, Kanuni za Madalali zinataka mwenye jina kwenye hati apewe notisi isiyopungua siku 45 ya kulipa na kukomboa mali yake. Siku hizo zikiisha, mnada haufanywi kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Hata pasipo mnada, ploti yenye deni haiko huru. Sheria iliruhusu kaunti kuandikisha deni la ada juu ya ardhi kwa Msajili wa Ardhi. Na anayetaka kuhamisha umiliki huombwa cheti cha kutodaiwa ada. Siku mtoto anapohitaji karo na familia inaamua kuuza nusu ya kiwanja, ndipo barua zote za miaka zinapodai majibu kwa pamoja.

KWA WAPANGAJI

Njia nyingine ya kukusanya deni humhusu mtu asiyedaiwa chochote. Ikiwa mwenye nyumba ya kupangisha hajalipa ada, sheria iliiwezesha kaunti kumpelekea mpangaji notisi ya kumtaka apeleke kodi ya nyumba moja kwa moja kaunti, hadi deni liishe.

Notisi kama hiyo huwatia wapangaji hofu, kwa sababu mwenye nyumba naye hubisha hodi tarehe 5. Mambo matatu yakumbukwe. Kwanza, mpangaji halipi zaidi ya kodi yake ya kawaida. Deni si lake. Pili, anacholipa kaunti kwa mujibu wa notisi huhesabiwa kuwa kodi iliyolipwa, na mwenye nyumba hawezi kumdai tena pesa zile zile. Tatu, notisi ihakikishwe kwanza katika afisi ya mapato ya kaunti, na malipo yafanywe kwa akaunti rasmi tu, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Risiti ziwekwe vizuri, nakala apewe mwenye nyumba.

WAJIBU WA KAUNTI

Mwananchi akitakiwa kufuata sheria, afisi nayo inatakiwa kuifuata. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa njia halali na ya haki na afisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Kwa hiyo barua ya madai lazima isomeke, hesabu ielezeke, na afisa wa mapato asimpeleke mwananchi mahakamani kwa ploti ambayo risiti zake zimo kwenye faili.

Barua inayotumwa kwenye sanduku la marehemu kwa miaka mitano mfululizo haisaidii kaunti wala familia. Daftari lenye majina ya waliokwisha kufariki halikusanyi pesa, hukusanya kesi. Kazi ya kulisahihisha ni ya pande mbili: afisi itafute, na familia iseme.

Ada hizi ni kati ya pesa chache ambazo kaunti huzikusanya yenyewe. Taka za soko, mitaro ya mvua, taa za barabarani na barabara za mtaani hutegemea pesa kama hizo. Mwananchi anayelipa ana haki ya kuuliza mtaro wake uko wapi. Anayekaa na deni huuliza swali hilo kwa sauti ya chini.

Asiyetendewa haki na dalali anaweza kulalamika kwa Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali. Asiyetendewa haki na afisi ya umma anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huduma hiyo haina malipo.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Mwenye ploti afike afisi ya ardhi ya kaunti au ya wadi na nambari ya ploti, aombe taarifa ya akaunti. Akague jina, anwani na nambari ya simu iliyoandikwa. Vikiwa vimepitwa na wakati, aombe vibadilishwe kwa maandishi.

Familia ambayo hati bado ina jina la marehemu ianze mambo ya mirathi. Huhitajika cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, na mirathi midogo husikilizwa katika mahakama ya hakimu, si lazima Mahakama Kuu. Wakati hayo yakiendelea, ada zisingoje. Malipo huingia kwa nambari ya ploti, na mjane au mtoto anaweza kulipa hata kabla jina halijabadilika.

Aliyepokea samansi asiiweke chini ya kitambaa cha meza. Aende mahakamani, au kwa wakili, au kwa shirika la msaada wa kisheria, kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Aliyefikiwa na dalali aombe kuona vitu vitatu: leseni, hati ya mahakama, na notisi ya siku 7. Asipigane wala asikimbie. Aandike tarehe na saa, asome orodha, ataje vitu visivyo vyake na vile ambavyo sheria imevikinga.

Na yule mama? Mwanawe akivunja kufuli la sanduku la posta leo, atakuta barua nyingi zimelundikana humo. Ya chini kabisa ni ya shilingi 12,000, na mwanga wa jua haujaigusa tangu ilipotumwa. Ile ndiyo iliyokuwa mlango rahisi kuliko yote. Milango mingine bado ipo, ingawa kila mmoja una gharama kuliko uliotangulia, na wa mwisho ndio ule ambao lori linarudi kinyumenyume kuuelekea.

Barua ifunguliwe siku inapofika.